Hana Ndahani Anawapeleka Marehemu Mjini

Ukifiwa pale Hombolo, na ukoo wako ukawa ni wa Wahehe waliotoka Iringa, usishtuke kumwona marehemu wako akitoka chumbani kabla ya jeneza. Atakuwa amevaa koti lake, kofia ameilaza upande ule aliouzoea, na kwa sauti yake ileile atauliza ni nani aliyewaruhusu kuchinja kuku wake. Wageni wa mbali hupiga mayowe. Kuna mkwe mmoja alitoka Mbeya, hana hili wala lile, akatimua mbio hadi kwenye mashamba ya zabibu, ikabidi vijana wamfuate na kumrudisha kwa maneno mazuri. Wenyeji hawakimbii. Wanajua huyo ni Hana Ndahani, mtani wao Mgogo, na kwamba akishatokea yeye, msiba umekamilika.

Utani wa Wagogo na Wahehe hauhitaji maelezo marefu. Mhehe atakumbushwa habari za kula mbwa, Mgogo atakumbushwa habari za kuombaomba, na hakuna atakayekwenda polisi. Msibani mtani haalikwi. Anajileta, anawatukana wafiwa, anashuka kaburini na kulala humo mpaka apewe chochote ndipo atoke. Watani wa kulala kaburini Hombolo wako tele, maana kulala si kazi. Kazi ni kumvaa marehemu, na hiyo ilikuwa ya Hana peke yake.

Aliirithi kwa bibi yake, mzaa mama, aliyeitwa Anna. Bibi Anna alimfundisha mambo mawili tu. La kwanza, anzia miguuni. Ukishaupata mguu wa mtu, sauti itakuja yenyewe. La pili, usimwige aliye hai. Aliye hai ukimwiga unamchungulia kaburi, na kaburi likishachunguliwa halikai kimya. Hana aliyashika yote mawili kama amri za Mungu. Shule aliishia darasa la saba, akaolewa na Gideoni, mkulima wa zabibu anayesema maneno machache kwa siku na hayo machache ni ya hali ya hewa. Mtoto wao mkubwa ni Jordan, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Jordan. Asubuhi anauza uji na maandazi karibu na geti la chuo. Jioni, kukiwa na mgonjwa mtaani, anamfungia uji kwenye chupa na kwenda kumjulia hali. Hakuna mgonjwa wa Hombolo aliyelala siku nyingi bila Hana kumfikia, na hilo alijivunia kuliko hata misiba.

Kilichokuwa kikimsumbua ni kimoja. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini, ameshaliza na kuchekesha umati mara nyingi kuliko mhubiri yeyote wa eneo lile, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja kumtazama yeye. Watu walikuja kuzika. Akimaliza, wanampa kuku na kumwambia, "Toka hapa, Mgogo wewe," ambayo ndiyo shukrani ya watani, na kesho yake amerudi kwenye uji. Alitamani sana, kwa tamaa ambayo hakuwahi kumwambia hata Gideoni, asimame siku moja mahali ambapo watu wamekaa wanamngoja yeye, na nyuma yake hakuna jeneza.

Basi kwenye msiba mmoja mwaka jana, mama mmoja mgeni kutoka mjini alimfuata pale alipokuwa akivua suruali ya marehemu, mama huyo akiwa bado anajifuta machozi ya kilio na ya kicheko kwa pamoja. Akamwambia kwamba Dodoma mjini kuna kikundi cha maigizo kinaandaa mchezo wa jukwaani na kinatafuta mwanamke mtu mzima, kazi ya kudumu, si ya kujitolea. Anachotakiwa ni kupeleka wasifu wake. Hana alimwitikia vizuri, akarudi nyumbani, akamuuliza Gideoni kupeleka wasifu maana yake nini. Gideoni akasema yeye wasifu anaoujua ni ule unaosomwa kabla ya kuzika. Hana hakulala vizuri usiku huo, na asubuhi alikwenda kwa Zaidi.

Zaidi, Msandawe wa Kwa Mtoro, ana kibanda cha stesheneri mkabala na chuo: kompyuta moja, printa moja inayokwama, na mdomo usiokwama. CV za vijana wanaomaliza chuo hupita mikononi mwake kama matofali, zote zimetoka kalibu moja. Wote ni wachapakazi, wote wanaweza kufanya kazi katika mazingira magumu, wote wanapenda kusoma vitabu na kusafiri, ingawa wengine Zaidi anajua fika kwamba hawajawahi kufika hata Kongwa. Alifungua ya kijana mmoja wa uhasibu, akafuta jina, akaandika la Hana. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye uzoefu.

"Umewahi kuigiza nani?" Zaidi aliuliza.

"Tadeo Kikoti."

Zaidi akaandika, kisha akauliza huyo Tadeo ni mhusika wa mchezo gani. Hana akamjibu kwamba ni yule mzee aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka Mtera, aliyekuja kuhamia hapa na kupanda zabibu, na mbona yeye Zaidi alikuwapo siku ya kumzika na alicheka mpaka akakaa chini. Vidole vya Zaidi vilisimama juu ya kibodi. Alimtazama Hana, akautazama mlango, akautazama tena mstari aliouandika. Akamuuliza kwa upole kama hana mwingine aliyewahi kumwigiza, mtu wa kubuni tu, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Hana alishangaa kwa moyo wote. Mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, mguu wake utaujulia wapi?

Kwa hiyo waliandika waliopo. Tadeo Kikoti, mchuuzi wa samaki. Bibi Kihwele, mkunga. Mwalimu Lunyungu, mkali, mwenye kigugumizi. Marehemu walijipanga kwenye karatasi, kila mmoja na mwaka wake na mahali pake, na Zaidi, ambaye ukimpa kazi ataifanya hata kama nywele zimemsimama, akawapa herufi nzito. Mwisho ikabaki nafasi ya wadhamini. Zaidi akaeleza kwamba hao ni watu walioiona kazi yako kwa macho yao, pamoja na namba zao za simu. Hana hakuwaza mara mbili. Ni nani aliyeiona kazi yake kuliko wafiwa? Wengine wote hukaa nyuma huko. Mjane hukaa mbele kabisa. Akatoa namba ya Marselina, mjane wa Tadeo, kisha za watoto wa wale wengine wawili. Zaidi alimuuliza kama amewaambia.

"Mtani haombi ruhusa," alisema Hana.

Hapo ndipo alipopotea njia. Mgeni wa utani asingelifanya kosa hilo, kwa sababu angeogopa tangu mwanzo. Hana alikuwa amekaa ndani ya utani tangu azaliwe, akadhani utani hauna ukuta. Ukuta upo, ila kwa kuwa haujachorwa popote, mtu huujua siku anapougonga na paji la uso.

Marselina Kikoti alikuwa kibarazani anachambua maharage. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu amzike mumewe, na alikuwa ameshafika mahali ambapo mtu anaweza kutaja jina la marehemu na kuendelea kula. Simu ikaita, namba ngeni. Binti mwenye adabu akamwamkia, akajitambulisha kwa jina la Jenifa, akasema anapiga kutoka Dodoma mjini na ana maswali machache kuhusu Tadeo Kikoti. Marselina akamwambia aseme. Binti akasema wameelezwa kwamba Tadeo alifanyika hapo Hombolo, nao wangependa kujua alitoka vipi, watu walimpokea namna gani, na kama kwa maoni yake mama, Tadeo anaweza kurudiwa mbele ya watu mjini.

Ungo ulimtoka mikononi, maharage yakatawanyika baraza zima. Alidhani kaburi limefukuliwa. Alidhani mumewe ana nyumba nyingine mjini, na huyo ni mtoto wa huko. Alidhani na mambo mengine ambayo mwanakwaya wa rika lake hapaswi kuyadhani. Akashindwa hata kuikata simu, na binti wa watu huko upande wa pili akaendelea kuita halo, halo, mama unanisikia? Ndipo akaeleza kwamba habari hizo wamezikuta kwenye CV ya Bi Hana Ndahani, ambaye amemwandika yeye Marselina kuwa mdhamini wake wa kwanza.

Hana alikuwa anamimina uji alipomwona Marselina anavuka barabara. Alifurahi. Alimwamkia shikamoo kama ilivyo ada, maana Marselina ni mkubwa kwake, halafu kabla hajaitikiwa akamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka getini, leo amemla mbwa wa nani hata akatembea kwa nguvu hivyo. Wanafunzi waliokuwa wakinywa uji wakacheka. Marselina hakucheka.

"Sijaja na utani," alisema.

Hana alishtuka kama mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia Mhehe akiyasema maneno hayo kwa Mgogo. Kata ya uji ikabaki hewani, mwanafunzi aliyekuwa akipimiwa akangoja, akachoka, akaondoa kikombe chake. Marselina akasimulia ile simu tangu mwanzo mpaka mwisho bila kupaza sauti, na kila neno lilimwingia Hana taratibu, maana mpaka dakika ile hakuwa amewahi kufikiria kwamba namba ya simu ikiandikwa, kuna siku mtu ataipiga.

"Siku ile nilikupa mume wangu umvae," Marselina alimaliza, "kwa sababu nilikuwa ninalia na nilitaka kucheka. Sikukupa uondoke naye."

Hana aliirudisha kata sufuriani. Mchana huohuo watoto wa Bibi Kihwele, nao wamepigiwa simu kama hiyo, wakatuma ujumbe kwamba asikanyage kwao tena, iwe msiba, iwe harusi. Mwana wa Mwalimu Lunyungu hakutuma kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, na Hana alikuwa akilitumia neno hilo kuwaonya watoto wake bila kufikiri kwamba nalo linamwangalia yeye.

Kumbe huko mjini watu wa kikundi walikuwa hawana habari na kilio cha Hombolo. Jioni Jenifa akapiga, safari hii kwa Hana, akasema uongozi umevutiwa mno na wasifu wake, haujawahi kuona kitu kama kile, na anaitwa kwenye usaili Alhamisi. Hilo ndilo neno alilolingoja maisha yake yote, na lilipokuja lilimkuta hawezi hata kutabasamu. Alikwenda kwa Marselina, akasimama nje ya baraza, akamwambia kwamba hatakwenda, atawaomba wafute majina, yaishe.

Marselina akasema Hana atakwenda. Na yeye mwenyewe atakwenda naye. Si ameandikwa mdhamini? Mdhamini kazi yake ni kusema alichokiona.

Hana hakujua kama ameokolewa au ameshitakiwa.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya maduka, wenye viti vya plastiki na jukwaa la mbao linalolia ukilikanyaga. Mezani walikuwa wawili: Jenifa mwenye adabu zake, na kiongozi wa kikundi aliyeitwa Nathan, kijana mwembamba wa shati jeusi, msomi wa sanaa hizo. Nyuma yao walikaa waigizaji wa kikundi, wamekuja kutazama. Hana aliwaona. Watu wamekaa, wanamngoja yeye, hakuna jeneza. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiomba, isipokuwa Marselina kwenye kiti cha mwisho, mkoba mapajani, uso haumwambii mtu kitu.

Nathan alimsifu kwanza. Alisema wasifu nyingi wanazopokea hazina tofauti, zote zinapenda kusoma na kusafiri, lakini huu aliusoma akashindwa kulala. Kisha akasema jambo ambalo kwake lilikuwa dogo. Alisema wameelezwa na wadhamini kwamba wahusika wote hawa ni marehemu; basi leo wangependa kumwona akimwigiza mtu aliye hai. Mtu yeyote. Muuza duka, jirani, mwanawe.

Hana alikuwa amejiandaa kwa Tadeo, kwa Bibi Kihwele, hata kama ingemlazimu kuwaomba radhi moyoni kwanza, hili hakuliota. Aliwaeleza kuhusu bibi yake na lile katazo. Waigizaji walitazamana. Nathan hakumcheka, kwa hilo tumpe haki yake. Alisema tu kwamba kwenye michezo yao watu wengi huwa hai kwa sehemu kubwa ya mchezo, na asiyeweza kuwaigiza walio hai kazi hii itamshinda. Halafu akapata wazo.

"Basi jiigize mwenyewe, Bi Hana. Hapo hakuna utakayemdhuru."

Ilionekana rahisi. Hana akapanda jukwaani, mbao zikalia, akasimama. Anzia miguuni. Akaitazama miguu yake, na miguu ikamtazama. Akapiga hatua, akahisi ni hatua ya Tadeo, kisigino kwanza. Akaisahihisha, ikaja ya Bibi Kihwele, yenye kuburuta. Akafungua kinywa aseme salamu, kikatoka kigugumizi cha Mwalimu. Wote walikuwamo, wamekaa kama wapangaji, na mwenye nyumba haonekani. Hana Ndahani anatembeaje? Akicheka anacheka vipi? Alijua cheko la kila mtu aliyezikwa Hombolo, lake hakuwa nalo. Ukumbi mzima ukaanza kumwonea aibu.

Ndipo kiti cha mwisho kikasogezwa. Marselina alisimama, akauweka mkoba sakafuni, akajifunga khanga upya, chini kidogo ya pale mwenyewe anapoifunga. Akachukua chupa ya chai iliyokuwa pembeni ya meza, akaibana kwapani. Na kabla hajafika hata jukwaani, Hana akamwona mtu anayemjua na asiyemjua akija kwa hatua fupi za haraka, kichwa kimeinamia upande.

"Hodi humu. Mgonjwa wetu, mbukwa, mtani, umeamkaje?"

Ilikuwa sauti ya Hana, pamoja na mbukwa yake, salamu ya Kigogo. Ilikuwa na ule ukali mdogo wa mwanzo na ule ulaini unaokuja baadaye. Yule Hana wa jukwaani akaketi pembeni ya kitanda kisichokuwapo, akamimina uji, akasema pole, pole sana. Lakini macho yake hayakuwa usoni kwa mgonjwa. Yalikuwa miguuni. Akamwomba mgonjwa ajikaze amsogezee kikombe, na kikombe kilikuwa karibu na yeye mwenyewe kuliko na mgonjwa. Kisha akainama amwone anavyoinuka. Mgonjwa akikohoa, yeye anatega sikio kama mtu anayeonja mboga. Mgonjwa akisema neno, midomo yake inalirudia chini chini. Akaaga kwa huzuni, akaahidi kurudi kesho, akatoka. Alipofika nje ya uzio, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaona hakuna mtu. Akakijaribu kile kikohozi. Akakijaribu tena. Cha pili kikatoka sawasawa, na uso wake ukang'aa.

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Nathan alipiga meza, Jenifa alifuta machozi. Walidhani ni mchezo uliopangwa na wanawake hao wawili, na walidhani ni mzuri ajabu. Hana peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama palepale jukwaani. Mkuki kwa nguruwe. Sasa ulikuwa kwake. Amewatazama watu wote, na nyani haoni kundule. Siku zote alijua kwamba anawapelekea wagonjwa uji kwa sababu anawapenda. Na ni kweli aliwapenda. Lakini kile kikohozi nyuma ya uzio nacho kilikuwa kweli; alikifanya, hasa nyuma ya uzio wa akina Kikoti, jioni moja, akiamini kwamba hakuna anayemwona.

Nathan, bado anahema, alimuuliza Marselina jina lake na kama na yeye ameleta wasifu. Marselina alifunga khanga yake pale pake pa kawaida, akarudi kuwa mjane wa Hombolo. Alisema hana wasifu, ana zabibu za kupogoa, na amekuja kama mdhamini tu. Binti alimpigia simu kumuuliza kama huyu mama anaweza kazi; jibu la simuni lilimshinda, amelileta mwenyewe.

"Anaweza," alisema. "Siku ya kumzika mume wangu nilimwona anatoka chumbani, nikamwona yeye hasa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa siku hiyo. Lakini huyu hajawahi kumtazama mtu bila kumngoja afe. Mkimchukua, mfundisheni hilo."

Kicheko kilikatika. Watu waliokuwa wakipongezana walikaa vizuri kwenye viti vyao. Nathan alimtazama Hana, na safari hii aliuona uso wake, akaelewa kwamba hapakuwa na mchezo uliopangwa. Walinong'onezana na Jenifa kwa muda mrefu. Mwishowe wakasema nafasi wataishikilia wiki moja. Arudi Alhamisi ijayo na mtu mmoja aliye hai, aliyemwomba ruhusa. Akimleta huyo, kazi ni yake. Na kwenye wasifu majina ya marehemu yaondolewe. Aandike tu kwamba ni mtani wa misibani, inatosha, atakayejua atajua.

Walitoka nje, jua la mchana limewaka na vumbi la barabara limesimama. Walitembea mpaka kwenye kona ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na hapo Hana akashindwa kuvumilia. Aliuliza kama Tadeo alijua.

"Alijua," Marselina alisema. "Alikuwa akisikia hodi yako anacheka, anasema, Mgogo amekuja kunipima nguo. Mwishoni hakucheka. Ndiyo maana ulikuwa ukimkuta amegeukia ukutani."

Hana aliikumbuka ile migongo. Si wa Tadeo peke yake. Alidhani ni maumivu. Alikuwa akiwaeleza watu nyumbani, kwa huruma kabisa, jinsi wagonjwa wanavyopenda kugeukia ukutani siku zao za mwisho. Alikaa kwenye tofali moja kando ya duka, akafunika uso kwa khanga, akalia, na kilio chenyewe kilikuwa kibaya, chenye kwikwi za chini na mikoromo, kisichofanana na cha mtu yeyote aliyewahi kumwiga. Marselina alimwacha alie. Hakumbembeleza, hakuondoka.

Alipotulia, Marselina akasema amwigize yeye. Alhamisi ijayo, awapelekee Marselina Kikoti, mjane, ruhusa ameshapewa. Hana akatikisa kichwa kwa woga, akamtaja bibi yake. Marselina akasema bibi Anna alikuwa mwanamke mzuri na ameshatangulia. Basi kama anamwogopa, amwige huyohuyo bibi, si ni marehemu? Huo ulikuwa utani wa kwanza tangu siku ya uji, na Hana alitaka kucheka, kamasi zikamtoka badala yake.

"Mimi natangulia," Marselina alisema. "Nitazame nikiwa hai, uone kama utaweza."

Akaanza kutembea kuelekea stendi, mkoba mkononi. Hana alinyanyua macho, kwa mazoea akayapeleka miguuni. Miaka kumi na kitu wamekaa jirani. Hatua ya mumewe angeweza kuitoa akiwa usingizini. Hii ya Marselina alikuwa anaiona leo kwa mara ya kwanza, kwa sababu Marselina hakuwahi kuugua. Aliona mguu wa kushoto unapelekwa kwa hadhari, aliona mtu anayepita upande wa kivuli, aliona mgongo mmoja mpana unaokwenda zake bila kumgeukia, na asingeweza kuhakikisha kama utakuwapo mwaka kesho. Woga ulimshika, si ule wa jukwaani. Aliinuka, akakimbia, viatu vikimpigapiga visigino, akamfikia, akamnyang'anya mkoba na kumshika mkono. Kutoka pembeni hapo, ubavu kwa ubavu, hatua ya mtu haionekani.

Marselina alimuuliza kama ameshaona.

"Bado," alisema Hana. "Tutembee kwanza."